Tafakari ya Juma: Narayana Guru na Mlango Uliobaki Wazi

Wapendwa katika imani, juma hili nawaalika tumtafakari Narayana Guru, mtawa wa Kihindu aliyezaliwa Chempazhanthy, karibu na Thiruvananthapuram, kusini mwa India, katikati ya karne ya 19. Jamii yake, Waezhava, ilihesabiwa kuwa najisi: hawakuruhusiwa kuingia katika mahekalu makubwa, wala kupita katika barabara nyingi zilizoyazunguka, na kazi ya kusimika sanamu takatifu ilikuwa ya Wabrahmin, tabaka la makuhani, peke yao.

Usiku wa Shivaratri, sikukuu ya Shiva, mungu wa Kihindu, mwaka 1888, huko Aruvippuram, Guru alizama katika Mto Neyyar, akaibuka na jiwe, akalisimika juu ya mwamba liwe alama ya Shiva. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa alipata wapi haki hiyo, alijibu kuwa aliyemsimika ni Shiva wa Waezhava. Na waliouliza hawakuwa na la kusema, kwa kuwa wao wenyewe ndio waliomnyima Mwezhava Shiva wao.

Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni maandishi aliyoyaacha pale, yasemayo kwamba hapo ni mahali pa mfano ambapo wote huishi kama ndugu, bila ubaguzi wa tabaka wala uhasama wa dini. Aliyefungiwa mlango hujenga wake, na mara nyingi naye huufunga. Guru alikataa. Watu wa tabaka la Wapulaya walidharauliwa hata na Waezhava, lakini yeye aliwapokea watoto wao wakaishi na kusoma katika makao yake ya Sivagiri. Na mwaka 1916, alipoona majivuno ya tabaka yameota ndani ya chama kilichoundwa mwaka 1903 ili kuendeleza kazi yake, alimwandikia Dkt. Palpu, mmoja wa nguzo za chama hicho, kwamba anajitenga nacho. Nadhani hilo lilimgharimu kuliko kuwapinga Wabrahmin.

Alifariki mwaka 1928. Mwaka 1936, kwa amri ya mfalme, mahekalu ya Travancore, ufalme wa eneo hilo, yakafunguliwa kwa Wahindu wa tabaka zote.

Sisi tunaosoma habari za Petro kuingia nyumbani mwa Kornelio tujiulize mbele za Mungu kama katika jumuiya zetu hayupo mtu ambaye tunampa mkono wa amani ibadani, lakini akija kumposa binti yetu tunauliza kwanza kabila lake. Kama yupo, tumwombee juma hili kwa jina, kisha twende kwake.