Harrier nyeusi, vumbi la Mwanza na pedi za sponji

Pedi za njano, zile sponji za mashine ya kung'arisha rangi ya gari, ndizo zilizonifanya nianze kuandika kumbukumbu hii. Fundi mmoja wa Nyakato aliniambia, "Kaka, chukua ya njano, haina shida." Njano ya nani sasa? Kila kampuni ina yake. Kwa Lake Country, njano ni pedi ngumu ya kukata mikwaruzo. Kwa Meguiar's, njano ni ya kati, ya kung'arisha. Kwa Rupes, njano ni laini, ya karibu na kumalizia, na ya kukata ni bluu. Zile zisizo na jina, zinazouzwa kwa seti kwenye mfuko wa plastiki, hazifuati utaratibu wowote. Kwa hiyo habari ya rangi nimeachana nayo. Naibonyeza pedi kwa kidole gumba, naangalia ukubwa wa matundu yake na unene wake, basi.

Gari ni Harrier ya mtumba kutoka Japani. Kibao chake kina namba ya rangi 202. Wanaozijua Toyota wanaijua hiyo: nyeusi tupu, haina chembechembe za kung'aa, na ni laini kiasi kwamba kitambaa kikavu tu kinaiachia alama. Jua la saa sita likipiga boneti, unaona utando wa buibui, yaani mikwaruzo midogo midogo, umeuzunguka mwanga. Nina hakika sehemu kubwa ya utando huo imefumwa hapahapa. Mwanza imekaa juu ya miamba ya granaiti, na vumbi lake lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Halafu anakuja kijana wa kuosha magari na dasta yake, anapangusa boneti kavu kwa moyo wote ili ulipe vizuri. Siku hizi namwambia, "Mdogo wangu, mwaga maji kwanza, mengi, ndipo uguse." Ananicheka, lakini anamwaga.

Mashine niliyonayo ni ya DA, ile ambayo pedi inazunguka huku inayumba. Yumbo lake ni milimita 15, na sahani inayoshika pedi ina kipenyo cha milimita 125. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba unene una maana kuliko wauzaji wanavyosema. Pedi nene inapendeza machoni, lakini inajikunja na kulimeza yumbo la mashine. Juu sahani inacheza, chini uso wa pedi umetulia. Pedi ya milimita 25 hivi inafikisha nguvu kwenye rangi. Nimechora mstari wa makapeni pembeni mwa sahani. Mstari ukisimama, pedi haizunguki, inatetemeka tu, na hapo hakuna mkwaruzo unaotoka hata ukikaa mpaka jioni. Inatokea sana kwenye mabega ya fenda, ambako nusu ya pedi inaelea hewani. Dawa ni kunyoosha mashine na kupunguza mgandamizo, si kuongeza spidi.

Majaribio nilifanyia kwenye kipande kimoja cha boneti, kama sentimita 50 kwa 50, nikiwa nimeosha, nimepitisha udongo maalumu wa kutoa uchafu ulioganda, na nimezungushia tepu ya karatasi. Nilianza na pedi laini na polishi ya kumalizia. Mng'ao ukaja, mikwaruzo ikabaki pale pale. Nikaweka pedi ya kati, polishi ileile, spidi ya 4 kati ya 6, mkono ukitembea polepole kwenda na kurudi, kisha kukatisha. Utando ukaondoka karibu wote. Kwa udadisi nikaweka pedi ngumu na kompaundi, ile polishi kali ya kukata, kwenye kipande cha jirani: ilikata haraka kweli, lakini ikaacha ukungu ambao tochi iliuonyesha mara moja. Kwenye rangi laini, pedi ngumu inaondoa mikwaruzo mikubwa na kuweka mingine midogo isiyo na idadi. Kila jaribio nilifuta kwa spiriti ya aisopropili kabla ya kuhukumu, maana mafuta ya polishi yanajaza mikwaruzo na kukudanganya mpaka gari lioshwe.

Jambo lililonifurahisha ni pedi yenyewe. Niliyotumia ni nyeupe, na ilitoka pale nyeusi tititi. Hiyo maana yake rangi hii haina klia juu, lile tabaka angavu la kuilinda. Unachokisugua ni nyeusi yenyewe. Nilipofika fenda ya kushoto, pedi safi ya aina ileile ikabaki nyeupe. Nikachukua kipima unene wa rangi. Boneti na milango vilikuwa vinasoma mikroni 100 na kitu. Fenda ile ikapita 200, yaani ilishapakwa rangi upya, na klia juu. Aliyeniuzia alisema gari halijawahi kuguswa na fundi rangi. Sawa, bosi. Klia ya fenda hiyo ni ngumu kuliko rangi ya kiwandani, pedi ya kati ikawa inaipapasa tu, na hapo ndipo pedi ngumu niliyokuwa nimeiweka kando ikapata kazi. Nikamalizia na ya kati. Gari moja, fenda mbili, pedi tofauti.

Kuna mzee fundi rangi pale Mabatini ambaye hana habari na haya yote. Anakata sponji ya godoro kwa kisu, anaibandika kwenye grenda, anapiga polishi.

"Shikamoo mzee. Hiyo haichaniki?"

"Marahaba. Ikichanika nakata nyingine, mwanangu. Godoro moja linanitosha mwaka."

Kwa kupaka nta kwa mkono, hata mimi naikubali sponji ya godoro. Kwenye mashine hapana. Malighafi ni ya ukoo mmoja, poliyurethani, lakini ya godoro imetengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu: inaminyika ovyo, mduara wa kisu haukai katikati, mashine inatikisika, na joto la grenda linaila gundi. Kwenye gari jeupe hutaona madhara haraka. Kwenye 202 utayaona kabla hujafika nyumbani.

Kuhusu idadi: pedi moja kwa gari zima haifai. Ikijaa polishi na rangi iliyokauka haikati tena, na ikipata joto katikati inalegea, velkro inaanza kuachia. Ndiyo sababu nachagua zenye tundu katikati, joto lisijikusanye hapo. Kila nikimaliza kipande naisugua kwa brashi, na nabadilisha pedi ninapohamia sehemu nyingine ya gari. Pedi iliyogusa kompaundi haigusi polishi ya kumalizia, hata ikifuliwa. Kufua ni sabuni laini na maji ya vuguvugu, kisha zinakauka kivulini, ndani ya nyumba. Nje, upepo wa ziwani wa mchana unazipaka vumbi lilelile ninalolikimbia.

Kazi ya usiku nimeifuta. Nilidhani taa zingenisaidia kuona mikwaruzo, na kweli zinasaidia, ila wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kwa makundi kufuata mwanga na kutua kwenye polishi mbichi. Hakuna pedi ya kazi hiyo. Sasa naanza alfajiri, bati likiwa bado la baridi, na jua likifika kwenye boneti nafunga.

Hadi sasa boneti, fenda zote mbili na milango ya kushoto vimekamilika. Paa lina madoa ya kinyesi cha ndege, wale korongo wakubwa wanaoshinda soko la samaki la Mwaloni. Mengine yamezama na nimeamua yabaki, sitaki kuila rangi isiyo na klia kwa ajili ya doa lisiloonekana na mtu asiyepanda ngazi. Nguzo za milango na pembeni mwa vioo vya kutazamia nyuma zinasubiri pedi ndogo za milimita 75 na sahani yake. Nimeagiza Kariakoo, pedi za kati tu, na mzigo utashuka stendi ya Nyegezi na basi la wiki hii.