Élisabethville au Lubumbashi?

Leo nimeshinda nikiandika maelezo ya picha za marehemu bibi, nikakwama kwenye moja tu.

Nyuma yake kuna mwandiko wake, wino wa buluu umefifia: "Élisabethville, 1959".

Mji huo uliitwa Lubumbashi mwaka 1966, kwa jina la mto wake. Mimi nalipenda sana hilo. La zamani lilikuwa la malkia wa Ubelgiji, halikuwa letu.

Lakini bibi aliandika kwa mkono wake mwenyewe, ile E akaikunja kwa madaha. Naipitaje hivihivi?

Nimeandika "Lubumbashi", na chini yake "wakati huo Élisabethville". Bado moyo haujatulia.

Ndugu zangu, nyinyi mngetanguliza lipi?