Besi ya chumba cha Sinza

Jumapili, saa nne usiku.

Leo, kwa mara ya kwanza tangu redio kubwa ya baba iuzwe, nimemsikia mpiga besi. Nimekaa chini kwenye mkeka, taa nimezima, na noti zake zinakuja moja moja chini ya magitaa mengine.

Marehemu baba alikuwa mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1978, na kwake muziki wa dansi ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. "Mwanangu, mwache kwanza mwimbaji," alikuwa akiniambia, "sikiliza chini." Nimeishi na simu na vispika vya bluetooth muda mrefu hadi huko chini nikakusahau. Spika ya simu haiwezi kuitoa noti ile. Masikio yanaikisia tu kutokana na sauti za juu zinazoambatana nayo.

Nilikuwa nimeweka laki mbili na nusu za kununua spika. Jana nikaenda Kariakoo, na duka la kwanza tu nikapewa sabufa. "Kaka, hii inatikisa nyumba nzima." Boksi limeandikwa wati maelfu za PMPO. Namba hizo ni kilele cha kufumba na kufumbua, hazikwambii lolote. Cha kuuliza ni wati za RMS, zile ambazo mtambo unazitoa bila kuchoka. Nikaomba aniwekee wimbo wa dansi. Besi ikatoka kubwa kweli, lakini kila noti ilikuwa "dum" ileile, kwa sababu boksi limetegwa livume mahali pamoja. Baba angeuliza mpiga besi yuko wapi. Halafu upande wa pili wa ukuta wangu analala mtoto wa miezi mitatu, na sikutaka kutikisa nyumba.

Nilichotaka ni spika mbili ndogo za kukaa kwenye rafu, zenye besi inayoeleweka. Ndogo zina gharama yake. Mhandisi wa Marekani J. Anton Hofmann, yule ambaye H ya kampuni ya spika ya KLH ni ya jina lake, aliliweka wazi jambo hili: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili, cha tatu usahau. Nyuzi nzito kabisa ya gitaa la besi, isipobanwa, inapiga hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya inchi 4 ikifika hezi 60 au 70, nyingi zimeshaanza kuishiwa. Nilikubali kuipoteza sauti kubwa ili nibaki na udogo na noti.

Spika mpya zenye amplifaya ndani zilizonivutia zilizidi mfuko wangu. Nikaishia kwa mzee mmoja anayeuza za mtumba. Nikamwamkia, akanivutia kigoda, akaniacha nizikague kwa raha zangu, na hilo sikulipata duka lolote lingine. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri machoni, ila ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, ulikuwa wa sponji, na nilipougusa ukabaki kidoleni kama unga. Joto na unyevu wa Dar havina huruma na sponji. Jozi ya pili ilikuwa na ukingo wa mpira, koni ya inchi 5, boksi la mbao nzito. Ukiligonga linajibu kwa kifupi, halilii kama debe. Nikaisukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ikaingia na kurudi bila kukwaruza, maana yake koili, ule waya uliozungushwa nyuma yake, haijapinda. Laki moja na arobaini. Amplifaya ndogo inayokubali spika za omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikachukua elfu themanini. Waya nikapewa bure. Nikapanda mwendokasi nimezipakata, nikashuka Shekilango.

Usiku wa jana nusura nilie. Nilizibandika pembeni kabisa, kwenye kona, nikijua ukuta huongeza besi. Iliongezeka kweli, ikawa uji. Leo nimeshinda nazisogeza. Tundu la hewa la spika liko nyuma, kwa hiyo kila shubiri moja kutoka ukutani inabadilisha kitu. Chumba changu kina urefu wa mita tatu na nusu, na urefu huo unaivimbisha noti ya karibu hezi 49, ambayo kwenye besi ni G. Kichwa kikiwa ukutani, G inafunika kila kitu. Nikikaa katikati ya chumba, inapotea kabisa, kama vile mpigaji ameiruka. Nikasogeza mkeka mbele kidogo ya kitanda, spika shubiri mbili kutoka ukutani, nikazigeuza zinitazame. Hapo ndipo alipojitokeza.

Sauti iko chini, mtoto wa jirani hajalia. Zile noti za chini kabisa ni nyembamba, sikatai, lakini najua kila moja inakoanzia na inakoishia. Wimbo huu mmoja nimeurudia mara tano.

Kwa sasa zimekaa juu ya stuli mbili za jikoni zisizolingana. Kesho nikitoka kazini nitapita kwa fundi seremala pale Mori nimpe vipimo: stendi mbili, sentimita 70, ili twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zifike usawa wa masikio nikiwa nimekaa kwenye kiti cha baba.