Ukoo wa Coburg na mpaka wa kwetu Kigoma

Coburg ni mji wa watu wapatao 40,000 kaskazini mwa jimbo la Bavaria, Ujerumani, na Waswahili tunaoishi hapa tunahesabika. Wengi tulikuja kusomea uuguzi au kufanya kazi viwandani. Anayekwenda sokoni hupita chini ya sanamu ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Victoria mwenyewe alikuja hapa kuizindua mwaka 1865. Wageni wakinitembelea huniuliza mume wa malkia wa Waingereza anafanya nini katikati ya mji wa Wajerumani. Jibu ni refu, na linafika hadi kwetu Kigoma.

Waliotawala Coburg ni tawi la ukoo wa Wettin, watawala wa Saksonia. Desturi yao ilikuwa kugawana nchi kama warithi wanavyogawana shamba la marehemu, kila mtoto wa kiume na kipande chake. Mwaka 1485 ndugu wawili waligawana, na upande wa Ernst, mmoja wa hao wawili, ukaendelea kukatwakatwa vizazi na vizazi. Karne ya 17 alitokea Ernst mwingine, mtemi wa Gotha, aliyeitwa Mcha Mungu. Huyu namheshimu. Mwaka 1642, vita vikiwa bado vinaiteketeza Ujerumani, aliamuru watoto wa nchi yake, wa kike kwa wa kiume, wapelekwe shule. Alifariki mwaka 1675 akaacha wana saba. Kufikia 1680 utemi wake ulikuwa umegawanyika kuwa temi saba, kila mmoja na jumba lake, watumishi wake na gharama zake. Coburg ilikuwa mmojawapo. Nchi ndogo namna hiyo haiwezi kulisha fahari ya mtawala wake, na karne ya 18 watemi wa hapa walizama kwenye madeni hata Kaisari, mkuu wa watawala wote wa Kijerumani, akaunda tume ya kusimamia fedha zao.

Aliyeunyanyua ukoo huu, kwa maoni yangu, ni mama mmoja: Auguste, mke wa Mtemi Franz. Mwaka 1795 Malkia Catherine wa Urusi alikuwa anamtafutia mchumba mjukuu wake Konstantin. Auguste akafunga safari ndefu hadi St Petersburg na binti zake watatu, wakatazamwa, na aliyechaguliwa akawa mdogo wao, Juliane. Aliolewa Februari 1796 akiwa na miaka 14. Konstantin alikuwa mkatili. Mwaka 1801 Juliane aliondoka Urusi na hakurudi tena kwa mumewe, talaka ikatoka mwaka 1820, na maisha yake yaliyobaki aliyaishi Uswisi, karibu na Bern. Wanaouelezea ukoo huu kwa watalii humtaja kwa sentensi moja kisha wanakimbilia kwa Victoria. Inaniuma, kwa sababu mlango wote ulifunguliwa kwa gharama ya mtoto yule.

Kwa ajili ya ndoa hiyo Leopold, mdogo wake Juliane, aliandikishwa jeshi la Urusi angali mtoto. Mwaka 1814 alifika London akiwa jenerali katika msafara wa mfalme wa Urusi, na mwaka 1816 akamwoa Charlotte, binti aliyekuwa arithi kiti cha Uingereza. Mwaka uliofuata Charlotte alifariki baada ya kujifungua mtoto mfu. Lakini Leopold hakurudi Coburg. Mwaka 1818 dada yake Victoire aliolewa na mwana wa mfalme wa Uingereza, Mtemi wa Kent, na mwaka 1831 Leopold akawa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji.

Victoire alimzaa Victoria mwezi Mei 1819. Miezi mitatu baadaye, kwenye jumba la Rosenau nje kidogo ya Coburg, akazaliwa Albert, mtoto wa Ernst, kaka yake Victoire. Mkunga aliyewapokea wote wawili alikuwa mmoja, Charlotte von Siebold. Walioana mwaka 1840. Tawi jingine la ukoo likapata Ureno, na baadaye Bulgaria.

Mwaka 1826 Coburg iliunganishwa na Gotha chini ya mtawala mmoja. Gotha ilikuwa na kampuni maarufu ya kuchapisha ramani, Justus Perthes, na mwaka 1856 jarida la August Petermann lilichapisha humo ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann waliokuwa pwani yetu. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, limeandikwa Uniamesi. Wamisionari hao hawakuwa wamelifikia. Waliwasikiliza watu wa misafara wa pwani, wakayaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Ziwa Tanganyika, ninakotoka mimi, limo ndani ya umbo lile. Burton na Speke walikuja kuuhakiki ukweli wake, wakafika Ujiji mwaka 1858.

Kisha akaja Leopold II, mwana wa yule Leopold. Alikua katika ukoo uliozoea kuanza na kidogo na kutafuta zaidi nje, naye akatafuta nje kwa namna ambayo Auguste asingeiwazia. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali yake binafsi. Watu walilazimishwa kuleta mpira na pembe za ndovu, vijiji vikachomwa, mikono ikakatwa. Hapa Coburg jina lake halisikiki mara kwa mara, na mimi kila nikipata mgeni humweleza, kwa kuwa bila utemi huu mdogo asingekuwa na kiti cha kukalia.

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilivamiwa na majeshi ya wafalme wawili wa ukoo huo. Ya George V wa Uingereza, mjukuu wa Victoria na Albert, yalitoka Kenya na kusini. Ya Albert I wa Ubelgiji, mjukuu wa Leopold wa kwanza, yalitoka Kongo, yakateka Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba. Babu yake George na baba yake Albert walikuwa watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo kwa hesabu ya kwetu Albert alikuwa baba mdogo wa George. Mtemi wa Coburg, Carl Eduard, mjukuu mwingine wa Victoria, alikuwa na cheo cha jenerali upande wa Ujerumani. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hiyo na kufa njiani walikuwa wetu.

Mwaka 1917 ndege za kivita zilizoundwa Gotha zilikuwa zinaishambulia London, na George akaliacha jina la ukoo wake, Saxe-Coburg na Gotha, akachukua Windsor. Mwaka 1919, Ujerumani ikiwa imeshindwa, serikali za wafalme wale wawili zikagawana koloni lake: Ubelgiji ikapewa Rwanda na Urundi, yaani Burundi ya leo, Uingereza ikabaki na Tanganyika. Gisaka, eneo la mashariki mwa Rwanda, ilikatwa kutoka Rwanda ikapewa Waingereza, ikarudishwa miaka michache baadaye. Wabelgiji waliondoka Kigoma mwaka 1921, lakini wakapangishiwa eneo la bandari kwa faranga moja kwa mwaka, ndiyo Belbase ambayo wazee wa kwetu wanaikumbuka. Bibi yangu upande wa mama aliolewa akitokea ng'ambo ya mpaka huo, na nduguze wakawa raia wa nchi nyingine.

Mwaka huohuo wa 1919 watu wa Coburg waliitwa kupiga kura. Carl Eduard alikuwa amejiuzulu Novemba 1918, na swali lilikuwa kama wajiunge na Thuringia, jimbo jirani upande wa kaskazini. Tarehe 30 Novemba zaidi ya asilimia 88 walikataa, na Julai 1920 wakaingia Bavaria. Gotha ilikwenda Thuringia. Baada ya 1945 kura ile iliiweka Coburg upande wa Wamarekani na Gotha upande wa Wasovieti, na ua wa seng'enge ukapita kilomita chache kutoka hapa. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna bibi mmoja ambaye shangazi zake walibaki ng'ambo. Nikimfunga vifungo vya sweta asubuhi huniambia baba yake alipiga kura siku ile, na hulisema kwa fahari, kidole cha shahada kikiwa juu.

Mimi hapo ndipo huwafikiria wazee wa Kasulu na Ngara, na wa Ruyigi kule Burundi. Hakuna aliyewauliza. Waliamka wakiwa watu wa mfalme huyu au yule, wote wawili wa nyumba moja.

Kama una mzee wa pande hizo aliyesimuliwa habari za Wabelgiji walipokuwa Kigoma, kaa naye, muulize, na umrekodi. Ya watemi wa Coburg yameandikwa na kuhifadhiwa vizuri hapa. Ya wazee wetu bado yako vichwani mwao.