Nilivyoitia bunduki yangu macho ya chuma

Bunduki yenyewe ni ya kuwindia, lakini kwangu haijawahi kuwinda hata kwale. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku Mei 1977, mimi wakati huo natambaa, kwa hiyo yangu inatoboa karatasi tu uwanjani, ng'ambo ya bara, Jumamosi nikipata nafasi. Ni CZ 452 ya risasi ndogo za .22, ile aina waliyoiita American. Ndugu yake aitwaye Lux alikuwa akitoka kiwandani na vilengeo vya chuma juu ya mtutu. American ilitoka na mtutu mtupu, laini kama bakora, kwa kuwa mnunuzi alitarajiwa afunge darubini. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, makaratasi yakafuatwa yote, darubini nikapewa bakshishi.

Darubini hiyo ndiyo iliyonishinda. Anayeishi Mombasa na kumiliki kamera anajua ninachosema. Siku moja niliona kama nyuzi za buibui pembeni mwa kioo. Nikafuta kwa kitambaa, zikabaki pale pale, maana zilikuwa ndani. Kuvu hiyo. Joto, unyevu na chumvi ya bahari vikikutana kabatini, kioo huota kama mkate wa juzi. Mwenye duka mmoja akanishauri ninunue mpya. Bei niliisikia, nikamshukuru, nikatoka. Baada ya masika mawili si ningerudi kwake na nyuzi zile zile?

Nikaamua chuma. Chuma kinashika kutu, ndiyo, lakini kutu naiona na naifuta.

Tatizo la pili lilikuwa jicho langu. Vilengeo vya kawaida vya wazi, vya pengo nyuma na jino mbele, vinalitaka jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: pengo lililo karibu, jino lililo mbali kidogo, na shabaha iliyo mbali kabisa. Kijana wa miaka 20 anaweza kujidanganya kwamba anaviona vyote. Mimi bila miwani hata bei ya unga siisomi. Kwa hiyo nyuma nikachagua kilengeo cha tundu. Ni kibati chenye tobo dogo, unachungulia ndani yake kama mtoto anayechungulia harusini, na jicho lenyewe linatafuta katikati bila kuambiwa. Tobo hulishughulikii, kazi yako ni jino la mbele tu. Kingine kizuri ni kwamba mgongoni pa 452 pana mifereji miwili ya milimita 11 iliyochongwa kwa ajili ya darubini, na vipo vilengeo vya tundu vinavyobana hapo hapo kwa skurubu, bila kutoboa kitu. Nikaagiza kimoja kupitia kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni. Nusu ya kazi ikawa imekwisha, na hiyo ilikuwa nusu rahisi.

Kwa fundi wa macho, binti mmoja, nilikwenda na fimbo ya fagio, nitafutiwe kioo cha kulionea jino. Bunduki sikuweza kwenda nayo, bila shaka. Nilikuwa nimepima kutoka jichoni hadi pale jino litakapokaa, nikapata sentimita 77, nikakata fimbo kwa kipimo hicho na kuchomeka msumari nchani. Nikaketi kwenye kile kiti chake, fimbo shavuni, huku yule binti akibadilisha vioo. Kioo cha kuuonyesha msumari vizuri kabisa kilifanya ubao wa herufi upotee. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka +0.75: msumari unaonekana vizuri, na herufi za mbali zina ukungu kidogo tu. "Baba, hii fimbo ni ya nini hasa?" akaniuliza. Nikamwambia ni mambo ya shabaha. Akacheka, akaandika.

Sasa la mbele. Nilikuwa nimeuliza mapema, nikaambiwa waziwazi kwamba kazi yoyote ya kulehemu au kutoboa mtutu ifanywe na fundi mwenye leseni, si fundi wa gereji. Lakini gundi je? Kugandisha kijino kwa gundi ya mchanganyiko, ile ya mirija miwili, hakuna anayetoboa chochote. Nikagandisha mwenyewe sebuleni. Kikashika kama jiwe. Uwanjani risasi ya kwanza mpaka ya kumi hivi, salama. Kisha vitobo vikaanza kuhama kidogo kidogo kwenda kulia, na mimi nikahama navyo nikidhani ni mkono. Kuja kushika jino, likazunguka kwa kidole. Sikuwa nimeondoa mafuta. Mtutu wa Mombasa unapakwa mafuta kila wiki, nami nilikuwa nimegandisha gundi juu ya mafuta, si juu ya chuma.

Nikaenda kwa fundi mwenye leseni nikiwa mpole. Mzee mmoja mkimya, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwuliza kama hawezi kutoboa mtutu akakata hesi za skurubu mbili. Akasema anaweza, nyama ya chuma ipo ya kutosha, lakini kwa nini umtoboe ng'ombe anayekubali kufungwa kamba? Yeye angetengeneza pete inayovaliwa mtutuni kutokea mdomoni, ilehemiwe, na jino lichomekwe juu ya pete kwa pini ili liweze kutolewa. "Niletee kipimo cha mtutu," akasema, "hakuna haja ya kuzungusha bunduki mjini kila siku."

Nikapima. Vanieri, kile kipimo cha kubana, ikasoma milimita 15 na ushei. Nikampigia simu, akakereza pete, nikaipeleka bunduki kwa miadi. Pete ikavaa milimita mbili za kwanza, ikakwama kama pete ya ujana kwenye kidole cha utu uzima. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Umepima wapi, mwanangu?" Nilikuwa nimepima mdomoni tu. Mtutu haulingani kote: unakonda kuelekea mdomoni, na ukirudi nyuma unanenepa. Tofauti jicho halioni, ila pete inaijua. Mara ya pili alipima mwenyewe, kila baada ya milimita tano, akaandika kwenye kiganja.

Alilehemu kwa mchanganyiko wa bati na risasi, ule laini, unaoyeyuka kwenye digrii 190 hivi. Chuma cha mtutu hakijali moto wa namna hiyo. Ukilehemu kwa shaba au ukileta gesi ya gereji, unapita digrii 600, na hapo sijui utamlilia nani. Alipaka bati ndani ya pete na juu ya mtutu kwanza, kila kimoja peke yake, mpaka vyote viking'aa, ndipo akavivisha vikiwa moto na kukazia kiparafujo kidogo chini. Kazi ya dakika kumi, baada ya saa nzima ya kusugua na kuondoa mafuta. Mafuta yale yale.

Kuna kosa moja lilifanyika hapo, nalo nalijua ni langu. Dawa ya kulehemu ina tindikali, na mzee aliniambia nikifika nyumbani nioshe tena kwa maji moto, nikaushe, nipake mafuta. Nilifika, nikakuta wageni. Siku ya pili yake palikuwa na mstari wa kahawia kuizunguka pete, mwembamba kama wanja. Uliondoka kwa sufi ya chuma na mafuta, lakini weusi wa mtutu pale umepauka hadi leo.

Jino lilikuwa refu kwa makusudi. Kanuni inayowachanganya watu ni hii: kilengeo cha nyuma unakisogeza kule unakotaka risasi iende, cha mbele unakisogeza kinyume. Jino likiwa refu mno, risasi zinapiga chini, ukilipunguza, zinapanda. Na kwa kuwa tupa hupunguza wala hairudishi, anza na refu. Nikalifukiza kwa moshi wa koroboi liwe jeusi tii, lisimetemete, nikapiga tano kwenye mita 50. Zikaja sentimita 14 chini ya pale nilipolenga, zimekusanyika vizuri. Moyo ukatulia, maana zilizokusanyika zinarekebishika.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhika tupa na kukisia. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kosa, zidisha kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Kosa langu milimita 140, kati ya tundu na jino mita 0.68, shabaha mita 50. Inakuja milimita 1.9. Nikaondoa 1.5 tu, kwa tupa laini, vanieri mezani, nikipima kila baada ya misukumo mitano. Zikapanda sentimita 11. Zile tatu zilizobaki nikamwachia skurubu ya kilengeo cha nyuma.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini shabaha yetu ni duara jeusi, na jino jeusi juu ya duara jeusi linazama kama kunguru usiku. Bunduki za zamani za safari zilikuwa na chembe nyeupe kwenye ncha ya jino, nyingine za pembe ya ndovu, kitu ambacho leo hapa hukigusi wala hukitamani. Nikalitoa jino kwenye pete, nikalitia kwenye kijisanduku cha hereni, nikaenda Mji wa Kale kwa sonara, kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu.

Ami yule ni mtu wa kuheshimiwa, alishatengeneza mipini ya majambia kabla mimi sijaoa. Akaliangalia jino kwa kioo chake, akaligeuza. "La kasiba hili?" akimaanisha mtutu. Nikamwambia ndiyo ami, nataka ushanga nchani, upana wa milimita 1.6. Akapendekeza dhahabu, maana haichujuki. Nikamwambia nikitia dhahabu kwenye bunduki kabla mama watoto hajapata bangili, hutaniona tena. Tukakubaliana fedha. Akatoboa kitundu cha kupitisha uzi, akapitisha pini ya fedha, akaipondea nyuma, na mbele akaiviringisha mpaka ikawa tufe dogo linalowaka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kwenye bunduki. Kwenye mita 50 tufe hilo linafunika kama sentimita 10, duara letu ni kubwa kuliko hilo, kwa hiyo lafaa.

Jumamosi iliyofuata nikapiga asubuhi. Zikaja kushoto, sentimita nne hivi. Nikasogeza kilengeo cha nyuma kulia, zikaingia kati. Nikanywa chai, nikarudi alasiri kuonyesha watu, zikaja kulia! Nikalaumu upepo wa kusi. Ilikuwa miezi ya kusi, na risasi ya .22 hupeperushwa kwa urahisi. Mwenzangu mmoja, nahodha mstaafu, akacheka: "Bwana, uwanja unatazama kaskazini. Kusi lakutokea mgongoni. Litaisukumaje ubavuni?"

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Jibu lilikuwa jua. Asubuhi lilikuwa mkono wangu wa kulia, nalo lilikuwa likiangaza ubavu wa kulia wa lile tufe. Jicho halioni tena tufe zima, linaona kile kipande kinachowaka, na linakiweka kipande hicho katikati ya tundu. Tufe lenyewe likawa limeegemea kushoto, na mtutu ukalifuata. Alasiri jua limehamia upande wa pili, kila kitu kikageuka. Risasi zinaikimbia nuru. Kadiri sonara alivyolisafisha tufe, ndivyo lilivyonidanganya zaidi.

Dawa yake ilikuwa tupa. Uso wa tufe unaomtazama mpigaji nikausawazisha uwe bapa kama kisarafu, na kuuinamisha kidogo sana utazame juu, upokee nuru ya mbingu badala ya nuru ya ubavuni. Misukumo kama kumi na mitano, moyo ukiniuma kila mmoja. Mng'ao wa kioo ukaondoka, ikabaki doa jeupe lililotulia. Jumamosi nikapiga kumi asubuhi na kumi alasiri bila kugusa skurubu yoyote, na zote ishirini, ukiacha moja niliyoikurupua, zinafunikwa na kikombe cha kahawa chungu.

Nikapita kwa ami kumpa habari, na karatasi yenyewe mkononi. Akavihesabu vitobo, akaridhika. Kisha nikamweleza kuhusu jua na tupa. Akanyamaza kidogo.

"Ulipiga tupa fedha yangu?"

"Kidogo tu, ami."

"Na vumbi lake umelipeleka wapi?"

Nikamwambia lilianguka sakafuni, nikafagia.

Akatikisa kichwa, akairudisha miwani puani, akaendelea na cheni ya mtu.