Nilivyojifunza kuishi na pipa la thina

Nianze na maziwa, maana ndiyo yaliyonichelewesha. Nilipoingia kwenye kazi ya kupiga rangi fanicha hapa Keko, Dar es Salaam, mafundi wote walionitangulia walinipa fundisho moja tu la usalama: ukimaliza kupuliza, kanywe maziwa, yanakata sumu. Nimekunywa maziwa miaka saba, na miaka saba hiyo kila jioni nilirudi nyumbani kichwa kinagonga na koo limekauka. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, unakwenda mapafuni na kutoka hapo unaingia kwenye damu. Havikutani popote. Ningekuwa nimeambiwa tangu mwanzo ninunue barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, badala ya kile kitambaa kinachozuia vumbi la msasa peke yake, ningeokoa afya na hela za maziwa pia.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba tukishasema maziwa, tunaona habari ya usalama imekwisha. Hakuna fundi hata mmoja aliyeniambia kwamba mvuke wa thina unatembea. Hilo nilifundishwa na moto wenyewe.

Ilikuwa mchana wa Februari, joto kali, hata jani halitikisiki. Sakafu ya karakana yangu ni ya saruji, na fundi aliyeimwaga aliilaza kidogo kuelekea nje ili maji ya kuoshea yatoke. Mbele, mwisho wa huo mteremko, alikuwa amekaa mama ntilie na jiko lake la mkaa. Nimepima baadaye: hatua tisa. Mimi nilikuwa ndani nasuuza bunduki ya rangi kwenye beseni la bati lenye thina kama lita mbili, wazi, kama tulivyozoea. Kijana wangu alikuwa anamimina thina kutoka kwenye pipa, ikamponyoka, ikamwagika kiasi cha kujaza jagi. Akachukua fagio akaisukuma nje. Kila mtu hufanya hivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Moto haukuanzia kwetu. Ulianzia kwenye jiko na ukaja. Niliuona kwa macho yangu ukiingia mlangoni, uko chini kabisa, haufiki hata kwenye kifundo cha mguu, bluu iliyofifia yenye ukingo wa njano, kama kitambaa cha hariri kinachovutwa na uzi. Ulipita juu ya saruji iliyokuwa inaonekana kavu. Kisha nikasikia fuu! na beseni lililokuwa mbele yangu likawaka.

Hapo ndipo ujue kama umefundishwa au hujafundishwa. Jirani yangu, mtu mwema kabisa, alikuja mbio na ndoo ya maji akaimwaga kwenye beseni kabla sijafungua mdomo. Thina ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo. Ilipanda juu, ikafurika, ikatambaa ikiwaka mpaka chini ya kabati la milango mitatu ambalo lilikuwa limebakiza mkono wa mwisho wa klia, ile vanishi isiyo na rangi. Moto wa beseni moja ukawa moto wa chumba. Nilishika ubao wa plaiwudi uliokuwa umeegemea ukuta nikaulaza juu ya beseni, nikausimamia kwa miguu. Ukafa palepale, kwa kukosa hewa. Ule wa sakafuni tuliufukia kwa mchanga wa jirani mwingine aliyekuwa anajenga, tukiutupa kwa sahani, kwa sufuria, kwa chochote. Kabati liliungua miguu yote minne. Mteja wake alinielewa, Mungu ambariki.

Kijana alikuwa amevaa suruali ya nailoni. Ilishika moto mguu wa kulia, naye akafanya anachofanya kila binadamu: akakimbia. Kukimbia kunaupa moto hewa. Nilimtia ngwara, akaanguka, nikamviringisha kwenye mchanga mpaka ukazima. Kisha maji. Si maji ya kunyunyiza. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa ya simu, na yeye analia kwamba anahisi baridi. Mama ntilie akaja na dawa ya meno. Mtu mwingine akaleta yai.

"Mama, samahani sana," nikamwambia, "tusaidie maji tu."

"Lakini mwanangu, yai linavuta moto."

"Haliuvuti mama. Linafunga joto ndani, na hospitali wataanza kulikwangua."

Kitambaa kilichoganda kwenye ngozi hatukukibandua. Tulikata suruali kuzunguka pale, tukamfunika kwa khanga safi iliyokuwa imetoka kamba ya nguo, tukampeleka. Daktari alisema yale maji ndiyo yaliyookoa ngozi. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikitetemeka, na pale ndipo nilipoamua kwamba ama naiacha hii kazi, ama naijua thina kama ninavyoujua mninga.

Zimamoto walikuwa wamepigiwa 114. Walipofika moto ulishazimika, lakini hawakuondoka hivihivi. Askari mmoja alinionyesha mtungi wa kuzimia moto unavyotumika, kitu ambacho sikuwahi kuonyeshwa na muuzaji yeyote: unasimama upande unakotoka upepo, mgongo wako uko kwenye njia ya kutokea, unalenga chini kwenye shina la moto na kufagia kulia na kushoto. Ukilenga ndimi unapoteza poda. Mtungi wa kilo sita unaisha upesi mno, ndani ya nusu dakika hivi, kwa hiyo usiufungue ukiwa mbali. Nilinunua miwili wiki ileile, ya poda kavu, kama laki mbili hivi yote miwili, labda na kidogo juu.

Sasa nieleze kosa langu la pili, maana hili nalo ni funzo. Nilijenga stoo ya thina. Nilijivunia sana ile stoo. Matofali, mlango wa chuma, kufuli, madirisha mawili madogo juu karibu na dari ili wezi wasipite, na katikati ya madirisha nikafunga feni ya kutoa hewa. Nilitumia hela nyingi, sitaki hata kuzitaja. Nikamwalika mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maghala ya mafuta Kurasini, aje aone.

"Shikamoo mzee. Karibu uone kazi."

"Marahaba mwanangu." Hakuingia. Alichuchumaa mlangoni, akainama mpaka pua ikawa karibu na kizingiti, akavuta hewa mara moja. "Fungua mlango wote. Na hiyo swichi ya feni usiiguse. Usiwashe, usizime."

Nikamuuliza kwani kuna nini, maana nilivyosimama sikusikia harufu ya ajabu.

"Chuchumaa kama mimi."

Nilipochuchumaa, macho yalinitoka machozi. Pale juu hewa ilikuwa safi na feni yangu ilikuwa inaitoa hewa safi. Chini, kuanzia sakafuni mpaka magotini, mvuke ulikuwa umejaa kama maji kwenye birika. Mzee akanieleza taratibu. Karatasi ya maelezo ya thina ninayonunua inaonyesha toluini, kimoja cha vimiminika vinavyochanganywa kuitengeneza, ndiyo nyingi, na mvuke wa toluini ni mzito kama mara tatu ya hewa. Unashuka, unatafuta bondeni, unajaa mashimo na mitaro, unasubiri. Hewa ikiwa na mvuke huo asilimia moja na ushee tu, tayari inaweza kuwaka. Na usidhani ni lazima jua liwe kali: toluini inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata ikiwa nyuzi 4 tu, na Dar baridi hiyo haijulikani. Yaani pipa likiwa wazi, saa yoyote ya mwaka, usiku au mchana, tayari liko vitani. Na ile feni, ya kawaida ya nyumbani, haikutengenezwa kwa mahali penye mvuke: yenyewe au swichi yake inaweza kutoa cheche.

Nilifikiria nini? Nilifikiria Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lile lori la mafuta lililopinduka na watu wakaenda na madumu kuchota. Walikufa zaidi ya 100. Watu wengi mpaka leo wanabishana nani aliwasha nini pale. Mimi tangu siku ile ya mlangoni nikisikia ubishi huo nanyamaza, maana najua petroli iliyomwagika ilikuwa imeshatandika mvuke wake chini, kwenye miguu ya kila aliyesimama pale.

Feni niliing'oa kesho yake. Nikatoboa mstari wa chini wa ukuta, pande mbili zinazotazamana, nikaweka matofali ya matundu usawa wa kifundo cha mguu, na yale madirisha ya juu nikayaacha. Sasa upepo unaingia upande mmoja na kuufagia mvuke nje. Kizingiti nilikiinua kama mkono mmoja ili thina ikimwagika ibaki ndani isifuate mteremko. Taa hakuna kabisa. Tunaingia mchana tu, usiku hatuingii hata ikilazimu. Mama ntilie tulikaa naye tukazungumza, akahamia ng'ambo ya mtaro, upande wa juu. Nilimjengea kibanda kipya, mbao zangu na ufundi wangu.

Halafu kuna ile mbinu ya waya, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote. Mzee aliniuliza: "Unapomimina kutoka pipa kwenda kwenye ndoo, cheche inatoka wapi?" Nikasema hakuna cheche. Akaniambia nikumbuke ninavyovua sweta la nailoni gizani. Kimiminika hiki kikipita kwa kasi kwenye bomba kinajikusanyia umeme, na umeme huo ukizidi unaruka kutoka mdomo wa bomba kwenda kwenye chombo, katikati ya mvuke. Dawa yake ni kuviunganisha vyombo ili umeme usiwe na sababu ya kuruka. Nilichukua nyaya za kuwashia gari lenye betri iliyokufa, zile zenye vibanio vya meno. Kibanio kimoja kwenye pipa, kingine kwenye kopo la chuma. Waya wa pili unatoka kwenye pipa kwenda kwenye nondo niliyoipigilia ardhini nje, na ardhi pale naimwagia maji kila asubuhi.

Ila nilikosea kitu: nilibana kibanio juu ya rangi ya pipa. Mzee alikikagua kwa ukucha, akatoa kisu, akakwangua mpaka chuma kikang'aa. Rangi inazuia umeme, umebana bure. Na ndoo ya plastiki hata uifunge waya kumi haisaidii kitu, kwa sababu plastiki haipitishi umeme kwenda popote. Kopo liwe la chuma, faneli ya chuma iguse chini, bomba lifunguliwe kidogo, thina ishuke taratibu. Bunduki nayo siku hizi tunaisuuza kwenye kopo lenye kifuniko.

Mapipa matupu je? Hapa nawaomba mafundi wenzangu mnisikilize. Pipa lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke. Pipa tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Aliwahi kuja mtu anataka anunue langu alikate kwa grenda atengeneze jiko la nyama choma. Nilimkatalia, akaniona nina roho mbaya. Bora aendelee kuniona hivyo. Yangu yanarudi kwa muuzaji yamefungwa vifuniko.

Matambara pia, hasa ya mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, tunayopakia meza. Yale hayahitaji hata cheche. Yanapokauka yanavuta hewa na kutoa joto, na ukiyarundika joto halina pa kutokea. Jioni moja nilitia mkono kwenye boksi la matambara, katikati kulikuwa na uvuguvugu kama chini ya kuku anayeatamia. Niliyatandaza nje moja moja usiku uleule. Sasa yanaingia kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Na thina ikimwagika tunaweka mchanga. Vumbi la mbao tuliliacha, maana kunyonya linanyonya, ila unakuwa umetengeneza kuni zilizolowa petroli.

Kijana mguu wake ulipona. Kovu lipo, linaanzia juu ya kifundo linaishia chini ya goti, na bado linamwasha wakati wa joto. Nilidhani hatarudi. Alirudi mwezi wa tatu baada ya ajali, amevaa suruali ya pamba, na siku ya kwanza kabla hata hajanisalimia alikwenda kukagua vibanio kwa ukucha kama alivyofanya mzee. Jumamosi iliyopita sikuwepo, muuzaji akaleta thina kwenye madumu ya plastiki akisema mapipa yamekwisha. Kijana akamrudisha na mzigo wote. Muuzaji alinipigia simu kulalamika kwamba kijana wangu hana adabu kwa wakubwa. Nikamwambia kijana ana adabu, alete pipa.