Nilivyokunja shiti ya mwaka mzima ikabaki mistari 13

Nilikuwa na shiti ya matumizi kwenye Excel, kila siku na mstari wake, yaani mistari 365, ukitaka kuona jumla ya mwezi fulani unashuka weee mpaka unachoka. Nikawa naficha mistari kwa mkono, tabu yake ukishaficha unasahau umeficha wapi, kuna siku nimetafuta mwezi wa tatu mpaka nikadhani nimeufuta kumbe upo tu umefichwa. Hapo ndo nikasema basi, najifunza kugrupu, yaani kuifunga mistari pamoja ili niikunje na kuifungua.

Kugrupu kwenyewe rahisi sana. Kwenye Excel unaselekti mistari ya mwezi, unabonyeza Shift na Alt pamoja na mshale wa kulia, pembeni kushoto kinatokea kijimstari chenye alama ya kutoa, ukiigusa mwezi wote unajikunja na alama inageuka ya kujumlisha. Shift na Alt na mshale wa kushoto unaondoa grupu.

Kilichonitesa ni miezi kuungana. Nimegrupu Januari, nikaja Februari, naona imekuwa grupu moja refu! Nikafuta nikarudia, yale yale. Shida ilikuwa mistari yangu imefuatana bila kitu katikati, na grupu mbili za levo moja zikigusana Excel inazichukulia ni moja. Dawa yake nikaingiza mstari wa jumla chini ya kila mwezi na huo nikauacha nje ya grupu, ndo unaobaki unaonekana mwezi ukikunjwa. Kama wewe jumla unaiweka juu, nenda menyu ya Data, pale kwenye Outline kuna kamshale kadogo kwenye kona, fungua utoe tiki ya Summary rows below detail, la sivyo kile kitufe cha kukunja kitakaa kwenye mwezi ambao sio wake.

Sasa fomula, hapa muwe makini jamani. Niliweka SUBTOTAL, fomula ya kujumlisha ambayo ndani unaianza na namba ya kuchagua namna ya kuhesabu, mimi nikaweka 109, nikikunja mwezi jumla inasoma sifuri, moyo ulinipasuka nikajua data imeenda. Kumbe 109 inaruka mistari iliyofichwa, na kukunja nako ni kuficha. Nikabadilisha nikaweka 9 zikarudi zote. Na mimi naipenda SUBTOTAL kuliko SUM ya kawaida kwa sababu jumla kuu ya mwisho inaziruka zile SUBTOTAL za miezi, haihesabu hela ileile mara mbili.

Kolamu ni hivyohivyo, na unaweza kuweka grupu ndani ya grupu mpaka levo 8. Kwenye kona juu kuna vinamba 1, 2, 3, mimi nagusa ile 1 tu, mwaka wote unabaki miezi 12 na jumla kuu.

Kitu kingine, ukikopi shiti iliyokunjwa ukapesti kwingine mistari yote 365 inakuja nayo. Selekti kwanza, bonyeza Alt na nukta mkato, halafu ndo ukopi, zinakuja zinazoonekana tu.